Nilimuua Imakulata kwa Sentensi Tatu

Ijumaa, 17 Oktoba. Mvua tangu alfajiri, ile ya Durban isiyo na haraka, na nguo nilizofua Jumatano bado zinanuka unyevu. Nimekaa kitandani na simu. Chai iko dirishani, imepoa, na hii ni ya pili leo.

Nina wivu. Nimeamua kuliandika neno lenyewe kabla sijaanza kujipamba.

Kwa uliyeingia humu leo kwa bahati: mimi ni Mtanzania, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, naishi Sydenham kwa mama mdogo anayeuza vitenge na aproni pale soko la Warwick. Jina langu halimo kwenye blogu hii na halitakuwemo. Divine ni Mrundi, ana miaka ishirini na minne, anashona mito ya kulalia kwenye kiwanda kimoja Pinetown. Mimi na yeye tunaandika riwaya.

Ni riwaya ya chuo cha giza, ndivyo tunavyoiita wenyewe. Chuo cha mawe juu ya kilima, ukungu, mishumaa, maktaba yenye chumba cha chini kisichofunguliwa, wanafunzi walioapishana siri, na profesa aliyekutwa amekufa kwenye mnara wa saa. Katikati yake kuna wasichana wawili. Salome ni wangu, mimi ndiye ninayesema anachowaza. Beata ni wa Divine.

Wanapendana. Hilo ndilo lililotufanya tuandike. Hadithi za aina hii tulizisoma nyingi kwa Kiingereza, na wasichana wanaopendana walikuwemo, ila baridi yao, majina yao na chakula chao vilikuwa vya watu wengine. Tukasema tuandike ya kwetu kwa Kiswahili, kwa watu wa umri wetu, walioshamaliza shule lakini nyumbani bado wanaulizwa watarudi saa ngapi.

Tunapokezana. Wiki hii sura ni yangu, wiki ijayo ni yake, na hakuna kumwuliza mwenzako atakachoandika. Jumamosi mchana tunapanda ngazi hadi saluni ya Dada Furaha, Mkongo mmoja mwenye mikono mikubwa na moyo laini, juu ya duka la simu karibu na Warwick, na mwenye zamu anasoma kwa sauti. Wasikilizaji ni wanaosukwa. Mtu aliyesukwa nusu kichwa hawezi kukimbia, kwa hiyo hatujawahi kukosa watu.

Sura ya tisa, Salome na Beata walipobusiana nyuma ya rafu, saluni nzima ilinyamaza. Mikono ya Dada Furaha ilisimama kwenye kichwa cha mteja. Nikaacha kusoma. Akaniangalia kwenye kioo akasema, "Soma. Nani alikuambia usimame?" Mteja mmoja hakurudi tena baada ya siku ile. Wengine walirudi na rafiki zao.

Kuna kanuni moja tu, na ni ya Dada Furaha. Mwanzoni kabisa tulikuja Jumamosi moja tukasema tumebadilisha mawazo, yule mlinzi mzee aliyekufa wiki iliyopita hajafa. Dada Furaha aliweka kitana chini. "Eh, munanifanya nalia mbele ya wateja, leo munasema ile si kweli? Machozi yangu mutanirudishia namna gani?" Tangu hapo ikawa sheria. Kilichosomwa hakifutwi.

Niliipenda kanuni hiyo mpaka Jumamosi iliyopita.

Sasa wivu. Wa kwanza ni wa zamani na sijawahi kuukiri. Divine hajawahi kukaa kwenye ukumbi wa mihadhara hata siku moja. Chuo anakijua kwa kunisikiliza mimi nikilalamika, na kwa kukiangalia kutoka nje ya geti siku aliponisindikiza. Lakini akiandika ngazi za mawe, unasikia baridi kwenye nyayo. Akiandika mwanafunzi anafungua kitabu ambacho hakijafunguliwa miaka mia, unataka kunawa mikono kwanza. Mimi nipo chuoni kila siku, na ninachokiona ni foleni ya kuprinti na vyoo visivyo na karatasi. Anakitamani kitu nilicho nacho, na kwa kukitamani tu anakijua kuliko mimi. Nikimsikiliza akisoma huwa napiga makofi kwa nguvu zaidi ya wote, ili nisionekane usoni.

Wivu wa pili una jina, unaitwa Chantal.

Chantal alikuja saluni mwezi wa nane kusukwa, akabaki. Anatoka Bukavu, anafanya kazi kwenye maktaba ya shule moja, anaimba kwaya, na ana meno mazuri, hilo nalikubali. Yeye na Divine wakianza Kifaransa, mimi nabaki natabasamu kama mgeni kwenye harusi asiyejua upande wa bwana wala wa bibi. Divine alianza kumwekea stuli. Halafu Chantal akamletea Divine daftari la jalada gumu, la kuandikia sura zake wakati wa mapumziko kiwandani. Mimi katika miaka miwili ya urafiki sijawahi kufikiria kwamba anahitaji daftari.

Miaka miwili ya urafiki. Naandika urafiki kwa sababu sijui niandike nini. Mwezi wa saba, siku ya baridi, tulikuwa kwenye foleni ya teksi za Pinetown, daladala za huku, mvua inanyesha, mwavuli mmoja. Divine alitia mkono wake kwenye mfuko wa koti langu, mkono wangu ukiwemo. Hakusema kitu. Nami sikusema. Teksi ilipojaa akapanda, na tangu siku ile hatujalizungumza, isipokuwa kwamba Salome na Beata walizidi kupendana kwa kasi ambayo hata Dada Furaha alisema, hawa wawili wakumbuke pia kuna maiti.

Basi. Wiki mbili zilizopita Divine akasimama na lile daftari la Chantal, akasoma sura ya kumi na nne, na ndani yake akaingia mtu mpya.

Imakulata, msaidizi wa maktaba. Msichana anayekaa juu ya mguu wake mmoja aliokunja. Analamba kidole gumba kabla ya kufungua ukurasa. Anasahau chai mpaka inapoa, halafu anainywa hivyo hivyo kwa aibu ya kuimwaga. Na akisoma anaimba kwa pua, taratibu, wimbo usio na mwisho, na hajui kwamba anaimba. Beata anasimama nyuma ya rafu kila jioni ili amsikilize tu. Sura iliishia Beata anajisemea moyoni kwamba amempenda mtu huyu tangu siku ya kwanza, na kwamba anaogopa.

Watu walicheka, wakapiga makofi, wakatazamana. Chantal aliniangalia akatabasamu. Mimi niliona msaidizi wa maktaba, niliona mwimba kwaya, nikaona daftari. Hesabu yangu ilitimia palepale.

Na Salome wangu je? Amesimama wapi wakati Beata anasikiliza nyimbo za watu nyuma ya rafu?

Nilimvizia Divine kwenye ngazi wakati wa kutoka. Nilijitahidi sauti iwe ya kawaida. Nikamwuliza huyu Imakulata katokea wapi, mbona Beata tayari ana mtu wake. Divine aliangalia viatu vyake. "Salome ulimutunga wewe," alisema. "Ni mrefu, haogopi kitu, anasema yote. Miye nilitaka mtu." Kisha akasubiri. Sasa najua kwamba alikuwa anasubiri. Siku ile niliona tu amenyamaza, nikamwambia usiku mwema na jua bado linawaka.

Jumanne yake nilikaa kwenye chumba cha kompyuta chuoni nikaandika sura ya kumi na tano. Sijawahi kuandika haraka hivyo. Nilimpandisha Imakulata kwenye ngazi ya mbao mpaka rafu ya juu kabisa, nikailegeza ngazi, nikamdondosha. Sentensi tatu. Sikumpa neno la mwisho. Beata nilimpa homa, alale bwenini, asije hata kuuona mwili. Salome nilimpa mazishi yote ayaendeshe, tena akiwa amependeza kwa shela jeusi.

Ilinipa raha. Naomba hilo liandikwe pia. Nilitoka pale chumbani nikanunua maandazi nikala njiani.

Jumamosi iliyopita nikaisoma. Divine alikuwa amesimama kando ya Dada Furaha akimchambulia nywele za kuongezea, anampa fungu moja moja. Ngazi ilipolegea, mikono yake ilipunguza mwendo. Imakulata alipofika sakafuni, ikasimama. Dada Furaha alinyoosha kiganja akangoja fungu, halikuja. Nilisoma mpaka mwisho, sikuinua macho zaidi ya mara moja, maana mara ile moja ilinitosha.

Makofi hayakupigwa. Chantal alikuwa analia, waziwazi, bila kujificha. "Masikini," alisema, "ule nilikuwa namupenda sana." Nikajiambia, ndiyo, unajililia mwenyewe. Divine alifunga nywele zilizobaki kwa mpira, akachukua mkoba wake. Nilimfuata mpaka mlangoni. Alisema, "Sawa. Nimeelewa," kwa sauti ya upole kabisa, akashuka ngazi. Wiki nzima hakujibu simu. Jumatano aliandika ujumbe mmoja, kwangu na kwa Dada Furaha: Jumamosi hana sura, na hadhani atakuwa nayo tena.

Maana yake riwaya inaishia hapo. Kurasa mia moja na themanini, miezi minne, na mwisho wake ni msichana amelala chini ya rafu na shela la Salome.

Mimi nilichoelewa ni kwamba nimempiga panapouma, kwa hiyo wivu wangu ulikuwa na haki. Ukiuma, si ndiyo ushahidi? Nilizunguka na wazo hilo siku mbili nikiwa nimeridhika, na silali.

Leo sasa. Sina kipindi Ijumaa, nikaenda kumsaidia mama mdogo. Mvua ilikuwa imewafukuza wateja, Warwick nzima watu wamejibanza chini ya maturubai, moshi wa dawa za mitishamba umelala chini haupandi. Mama mdogo alikuwa anaweka pindo za aproni kwenye cherehani yake. Mimi nilikaa kwenye kreti nikatoa simu, nikafungua picha za sura ya kumi na nne alizonitumia Divine baada ya kuisoma. Nilitaka kuisoma tena taratibu, nizitafute alama zote za Chantal, nizipange, ili siku Divine akiniuliza kwa nini, niwe nazo. Nilikuwa kwenye sehemu ya chai.

Mama mdogo akauliza bila kuinua kichwa, "Leo unaimba nini?"

Nikamwambia siimbi.

"Unaimba. Tangu umekuja kwangu, ukishika kitu cha kusoma unaimba kwa pua. Hata karatasi ya dawa. Mwanzoni nilidhani una mafua."

Nikasema haiwezekani, ningejua. Akacheka, akakata uzi kwa meno. "Nyani haoni kundule, mwanangu. Muulize Divine. Siku ile mlikaa hapa alikuwa amekutolea macho mpaka nikamwambia mzoee tu, ndivyo alivyo."

Nilitazama chini. Mguu wangu mmoja ulikuwa umekunjwa, nimeukalia. Kidole gumba kilikuwa na mate, na nilikuwa nasoma kwenye simu, simu haina ukurasa wa kufungua. Chai aliyoninunulia mama mdogo saa tano ilikuwa pembeni ya kreti na utando juu, nami nilikuwa nakusudia kuinywa hivyo hivyo.

Mama mdogo aliuliza kama ninaumwa. Nikasema baridi.

Nilianza kuisoma sura tangu mwanzo, mdomo nimeufunga kwa mkono ili nisiimbe. Imakulata anachelewa kila mahali na anafika akiomba radhi kabla ya salamu. Ni mimi. Anapiga makofi kwa nguvu kuliko wote, na Beata peke yake ndiye anayeona kwamba uso umejificha nyuma ya mikono. Mungu wangu. Hata hilo alikuwa analiona. Ana macho ya mtu anayengoja kuitwa, na akiitwa maktaba nzima inapata mwanga. Hapo ndipo niliposhindwa mara ya kwanza, hapo ndipo nilipokuwa na hakika kwamba ni Chantal.

Alimwandika mzuri. Ndiyo maana sikujitambua.

Na saluni nzima walikuwa wanajua. Kile kicheko, kule kutazamana. Chantal aliyenitabasamia alikuwa ananipa hongera. Chantal aliyelia alikuwa ananililia mimi, na mimi nimekaa namhesabia meno. Divine alisimama mbele ya watu sita akasema kitu ambacho kanisani kwake wakikisikia hatakuwa na kwao, akakisema kwa njia pekee tuliyo nayo, halafu kwenye ngazi akanipa nafasi ya kujibu. Jibu langu nilimletea baada ya wiki moja, kwa sauti, mbele ya watu wale wale. Ngazi, sakafu, kimya. Yeye ameelewa nini? Ameelewa kwamba nimemtambua mtu yule na nimesema, huyo hayupo, usimtafute.

Saa tisa nilimuaga mama mdogo nikarudi nyumbani kutafuta mlango wa kutokea. Nilifungua sura yangu nikaichambua neno kwa neno. Labda alianguka tu, akazimia. Hadithi za chuo cha giza zimejaa watu waliozikwa hawajafa. Lakini mwenye wivu ni fundi. Nilikuwa nimemleta daktari wa chuo akathibitisha. Nilikuwa nimemtaja mama yake aliyekuja kuchukua nguo. Nilikuwa nimeandika, jamani, kwamba jeneza liliachwa wazi siku nzima ili pasiwepo shaka. Hakuna tundu hata la kupitisha sindano.

Kilichosomwa hakifutwi. Nimemuua na atabaki hivyo.

Nimejaribu kumwandikia Divine. Nimeandika ujumbe mrefu nikafuta, nikaandika samahani nikafuta. Chochote ninachoandika kinatoka na sauti ya Salome: kirefu, kishujaa, kimependeza. Yeye hakumpenda Salome. Hata sura mpya sitaandika, maana huko nako ningejificha, ningempa Beata kaburi la kulilia na mimi mwenyewe nikabaki nyuma ya pazia nasikiliza watu wanavyoguswa.

Majuto ni mjukuu, anasema mama mdogo, huja baadaye. Wangu amekuja na begi zima.

Lakini kuna jambo limenijia sasa hivi, wakati naandika haya, na ndilo lililonifanya ninyooke kitandani. Kanuni ya Dada Furaha haikuwekwa kwa ajili ya vifo peke yake. Wiki moja kabla sijamuua mtu, Divine alisimama na daftari lake akasoma kwamba Beata amempenda msichana yule tangu siku ya kwanza. Alisoma kwa sauti, watu wakasikia, Dada Furaha akiwa shahidi na kitana mkononi.

Hicho nacho kimesomwa.

Zamu yake kiwandani kesho inaisha saa sita mchana. Nitakuwa getini Pinetown, bila karatasi, bila Salome. Nitafika nimechelewa, najijua, na nitaomba radhi kabla ya salamu. Nitamwambia kwamba sikujua kama naimba. Baada ya hapo zamu ni yake, na sina ruhusa ya kumwuliza atasema nini.

Je, mtu aliyejiua kwa mkono wake mwenyewe anaruhusiwa kuja getini kuuliza kama bado anapendwa?

Chai nimeinywa. Ilikuwa baridi.